Mikono ya Watoto Nayo Iingie Maktabani

Mwaka 1967 nchi yetu ilipata mambo mawili ya elimu ambayo hata leo yatupasa kuyakumbuka pamoja. Mwezi wa Machi mwaka huo Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akaeleza wazi kwamba elimu tuliyoirithi kwa wakoloni ilimfundisha kijana kuidharau kazi ya mikono na kujiona yu mbali na wale waliomlea kwa kazi hiyo hiyo. Kisha tarehe 9 Desemba, siku ya kuadhimisha Uhuru, Mwalimu huyo huyo akaifungua rasmi Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Jambo la kwanza lilihusu mikono, la pili lilihusu vitabu. Yalizaliwa mwaka mmoja, lakini mpaka leo ni mara chache mno tumeyaona yamekaa katika chumba kimoja.

Leo twataka kusema juu ya chumba hicho. Maoni yetu ni kwamba kila maktaba ya umma, kuanzia Maktaba Kuu hadi maktaba ya mkoa na ya wilaya, haina budi kuwa na saa maalumu ambapo watoto watakaa na kufanya kazi za sanaa kwa mikono yao wenyewe: kuchora, kukata na kubandika karatasi, kufinyanga udongo, kusuka ukili na kushona vitabu. Zipo maktaba ambazo zimekwisha kuanza, nasi twawapongeza watumishi wake. Lakini aghalabu kazi hiyo hufanywa siku ya sherehe tu, mgeni anapokuja, na mgeni akiondoka makasi na rangi hurudi kabatini. Hilo ndilo tunalotaka libadilike.

Tunajua kwamba wako watakaotupinga, na si vema kuwapuuza. Wa kwanza husema: maktaba ni mahali pa kimya, ukileta watoto thelathini na gundi na udongo, msomaji atasoma wapi? Wa pili husema: watoto wetu hawajui kusoma vizuri, basi wasome kwanza, michezo itafuata. Wa tatu husema: fedha ziko wapi? Na wa nne, ambaye hoja yake ndiyo nzito kuliko zote, husema: kazi ya mikono tumekwisha kuijaribu shuleni, nasi twajua ilikoishia.

Tuanze na huyu wa nne, maana anasema kweli. Wengi wetu tuliosoma miaka ya baada ya 1967 twakumbuka jinsi fikira ile njema ilivyopotoshwa katika baadhi ya shule. Mwalimu wa Taifa alisema kwamba shule iwe mahali pa kujifunza kwa kufanya kazi, na wanafunzi waelewe sababu ya kazi yao na washiriki katika kuipanga. Lakini mahali pengine mtoto aliyechelewa namba alipewa jembe, na aliyepiga kelele darasani alipelekwa kung'oa visiki. Jembe likageuka fimbo. Mtoto akajifunza kuwa kazi ya mikono ni adhabu, na kwamba thawabu ya mwenye bidii ni kusamehewa kazi hiyo. Hivyo tulifika pale pale tulipokuwa tunapakimbia: kijana aliyeelimika akaona aibu kushika nyundo.

Sasa na tujiulize, ni mahali gani ambapo kazi ya mikono haiwezi kugeuzwa adhabu kwa urahisi? Ni pale mtoto anapokuja kwa hiari yake. Maktabani hakuna mtihani. Hakuna namba wala daraja la kwanza na la mwisho. Hakuna mtu aliyepelekwa maktabani kwa kosa la kuchelewa. Mtoto huingia kwa sababu ametaka kuingia, na akichoka hutoka. Mahali kama hapo, akikaa saa nzima akisuka ukili wake, basi amekaa kwa kuwa kazi yenyewe imempendeza. Hiyo ndiyo heshima ya kazi ambayo hotuba haziwezi kuifundisha. Kwa hiyo kosa lililofanyika shuleni si sababu ya kuiogopa kazi ya mikono. Ni sababu ya kuitafutia nyumba iliyo huru, na nyumba hiyo ni maktaba.

Kwa yule asemaye watoto wasome kwanza, jibu letu ni kwamba mkono na kitabu si maadui. Vidole vinavyojifunza kukata karatasi kwa kufuata mstari ndivyo vitakavyoshika kalamu bila kutetemeka. Mtoto anayesuka ukili huhesabu: moja juu, moja chini, mbili juu, moja chini; akikosea hesabu, ua la mkeka humwonyesha kosa lake papo hapo, wala hahitaji kuambiwa na mtu. Mtoto aliyesikia hadithi ya sungura na fisi, kisha akamfinyanga fisi yule kwa udongo, huulizana na wenzake kama mgongo wa fisi umeinama mbele au nyuma, na katika ubishi huo huenda rafuni kutafuta kitabu chenye picha ya fisi. Hapo amekwenda kusoma bila kutumwa. Na mtoto asiyeona, ambaye vitabu vingi vimemfungia mlango, akipewa udongo huwa sawa na wenzake, pengine huwapita.

Lakini katika kazi zote twaisifu zaidi moja, nayo ni kushona kitabu. Mchukue mtoto wa miaka minane, mpe karatasi nne, azikunje katikati na kuzitia moja ndani ya nyingine. Amekwisha kupata kurasa kumi na sita. Mpe kipande cha boksi kiwe jalada. Matundu matatu yatobolewe mgongoni. Sindano iingie tundu la kati, itokee la juu, irudi kwa la chini, itoke tena la kati, na uzi ufungwe. Robo saa haiishi naye ana kitabu mkononi, hakikununuliwa dukani wala hakikuletwa na msaada kutoka ng'ambo. Kisha aandike ndani yake habari ya bibi yake, au ya mbuzi wao, au ya safari ya kwenda shamba, na achore picha. Maktaba nayo ikipokee, ikiandike katika daftari lake, ikiweke katika rafu ya watoto ili mtoto mwingine apate kukisoma.

Watu wa vitabu pengine hawaoni uzito wa jambo hili, maana wamezaliwa kati ya vitabu. Lakini mtoto wa mpagazi wa sokoni au wa mfanyakazi wa shamba la mkonge aghalabu hukiona kitabu kuwa kitu kilichotoka mbali, mali ya shule au ya watu wakubwa, ambacho akikirarua atapigwa. Siku anayoshona cha kwake, anatambua ya kuwa kitabu ni kazi ya mikono ya watu, kama kiti na kama mkeka. Nani tena atamwogopesha kwa kitabu? Twaamini kwamba njia ya mtoto huyo kuingia katika usomaji ni fupi kupita kumwekea bango lisemalo "Kimya."

Kuhusu kelele, jambo hili ni la kupanga tu. Iteuliwe Jumamosi asubuhi, saa mbili zitoshe, na watu watangaziwe mlangoni. Kama kuna ukumbi wa nje au baraza au kivuli cha mwembe, watoto wakae huko. Sakafu itandikwe magazeti ya zamani. Ziwepo ndoo mbili za maji na sabuni, na iwe sheria kwamba asiyenawa mikono hagusi kitabu. Mpango wa kazi uwe mwepesi: kwanza hadithi isomwe kwa robo saa, kisha kazi ya mikono kwa muda wa saa moja, kisha kila anayetaka awaeleze wenzake alichofanya, kisha wote wafagie na kuosha vyombo, mwisho waende rafuni kuazima kitabu. Wadogo wa miaka mitano hadi saba wasichanganywe na wakubwa wa miaka kumi na moja, maana mkubwa humnyang'anya mdogo makasi, na mdogo humchosha mkubwa. Mtu mzima mmoja asipewe watoto zaidi ya kumi. Makasi yawe ya ncha butu, yahesabiwe yanapotolewa na yahesabiwe yanaporudi.

Twakuja katika suala la fedha. Hatusemi kwamba kazi hii haina gharama, lakini twakataa kwamba umaskini ni kisingizio. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuwa na vifaa vya msanii wa Ulaya. Alitumia rangi ya kupakia baiskeli juu ya mbao laini za ujenzi. Ijapokuwa alifariki mwaka 1972, hata leo wako watu wanaokula kwa sanaa aliyoianzisha, na jina lake limekuwa jina la sanaa yenyewe. Hakungojea vifaa bora, alianza na vile alivyoweza kuvipata.

Watoto nao waanze hivyo hivyo. Gundi hupikwa kwa unga wa ngano au wa muhogo na maji, ikorogwe motoni hadi iwe nzito; isiwekwe zaidi ya siku mbili, itachacha. Rangi ya njano hupatikana kwa manjano ya jikoni, nyeusi kwa mkaa uliosagwa, nyekundu kwa choya au kwa udongo mwekundu. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa bondeni, huchambuliwa mawe, hukandwa vizuri na kufunikwa kwa kitambaa kibichi. Na kilichofinyangwa kianikwe kivulini, maana jua kali hukipasua. Miyaa ya kusukia ukili huuzwa sokoni kwa bei ndogo, na mwenye kuijua hata huikata mwenyewe.

Na hapa twawageukia nyinyi, ndugu wafanyakazi. Katika kila kiwanda na kila karakana kuna vitu vinavyotupwa jioni. Wapiga chapa hukata pembe za karatasi na kuzitia motoni. Mafundi cherehani hufagia vipande vya kanga na vitenge. Maseremala hubakiwa na vipande vya mbao vilivyo laini kama mkate. Wenye maduka hutupa maboksi. Vitu hivyo vyote ni hazina ya mtoto. Tawi moja la wafanyakazi likiteua mtu mmoja wa kukusanya mabaki hayo na kuyapeleka maktabani kila mwezi, maktaba haitalia tena kwamba haina vifaa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki, watu wamezoea tena vikapu na mifuko ya kitambaa. Basi na watoto wajue vinatengenezwa vipi.

Lakini twatoa onyo. Si kila kilichotupwa chafaa. Makopo yaliyowekwa dawa ya kuulia wadudu, vyombo vya hospitali, betri zilizovuja, vioo na mabati yenye makali, visiletwe hata kidogo. Afadhali mtoto akose kopo kuliko apate sumu.

Jambo kubwa zaidi ya vifaa ni mtu wa kufundisha. Mkutubi peke yake hawezi, naye amesomea kazi nyingine. Katika kila mtaa yuko mama anayesuka mikeka, yuko mzee anayechonga miko na vinu, yuko kijana anayetengeneza magari ya waya, yuko mfinyanzi wa vyungu. Hawa ndio walimu. Wengi wao hawajapata kuingia maktabani hata siku moja, kwa kudhani kuwa si mahali pao. Siku mfinyanzi atakapoalikwa akae mbele ya watoto katika nyumba ya vitabu, naye akaitwa "mwalimu," mambo mawili yatatimia kwa pamoja: watoto watapata ufundi, na fundi atajua kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili yake pia. Lakini fundi huyo alipwe. Angalau arudishiwe nauli na apewe ujira wa nusu siku aliyoiacha kazi yake. Ni aibu kuisifu kazi ya mikono kwa midomo, kisha kuitaka bure kwa mtu maskini.

Jambo jingine, wasichana na wavulana wasitengwe. Tumezoea kusema kwamba kusuka ni kazi ya wanawake na kuchonga ni ya wanaume. Maktaba isirudie mazoea hayo. Mvulana asuke, msichana apige msumari, kila mmoja achague apendalo. Atakayekuwa hodari atajulikana kwa kazi yake.

Sasa twataka kueleza jambo tulilolishuhudia wenyewe, maana ndilo lililotufanya tuandike. Katika maktaba moja, ambayo hatutaitaja, watoto walikuwa wakijiandaa kwa maonyesho. Mgeni rasmi alikuwa anatazamiwa siku ya pili. Mtoto mmoja, umri wake yapata miaka saba, alikuwa amechora tembo. Masikio yalikuwa makubwa kuliko mwili, na mkonga ulizunguka hadi mgongoni. Alikuwa akichora huku anazungumza na tembo wake, wala hakuna aliyemsumbua. Kisha akaja mtu mzima mwenye madaraka ya kazi ile, akatazama, akasema, "Huyu si tembo. Lete brashi." Akapaka rangi juu ya masikio, akachora mengine madogo, akanyoosha mkonga. Tembo akawa mzuri, kama wale wa kwenye kalenda. Mtoto akatazama kwa muda, akaweka chini kikopo chake cha maji, akaenda kukaa karibu na mlango. Alipoulizwa mbona haendelei, alijibu, "Imekwisha kuwa ya mwalimu."

Kesho yake picha ile ilitundikwa ukutani na jina la mtoto chini yake. Mgeni aliisifu, watu wakapiga makofi. Mtoto mwenyewe hatukumwona.

Ndugu wasomaji, hatudhani mtu mzima yule ni mbaya. Alitaka maktaba isiaibike. Lakini katika dakika tano alifuta yote tuliyoyaeleza hapo juu. Mtoto alijifunza kwamba kazi ya mikono yake haifai mpaka mkubwa aisahihishe. Kwamba jina lake laweza kuandikwa chini ya kazi isiyo yake. Na kwamba sanaa hufanywa kwa ajili ya mgeni. Mafunzo hayo matatu ndiyo yanayozaa mtumishi wa kesho asiyethubutu kutoa shauri kazini, anayeandika taarifa ya kumfurahisha mkubwa, na anayepaka rangi ukuta wa mbele tu kwa kuwa kiongozi atapita. Twayaona mambo hayo kila siku maofisini na viwandani, tukashangaa yametoka wapi.

Kwa hiyo iwe kanuni katika kila maktaba: mkubwa aonyeshe, asishike kazi ya mtoto. Akitaka kumfundisha mkonga wa tembo, achukue karatasi yake mwenyewe akachore wake. Mtoto ataangalia, akiona faida atafuata, asipoona ataendelea na njia yake. Kitakachotundikwa ukutani kiwe kile alichokifanya mtoto, kama kilivyo. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, nasi twakubali. Lakini mpishi hodari hujua tofauti ya kukunja na kuvunja.

Tusisahau pia watoto walio mbali. Maktaba nyingi ziko katikati ya miji. Mtoto wa Upanga hutembea kwa miguu hadi Maktaba Kuu. Mtoto wa Mbagala huhitaji nauli ya kwenda na kurudi, na mzazi wa kumsindikiza. Mtoto wa kijijini hana hata njia hiyo. Tukianzisha kazi hii katika jengo moja la mjini tukaridhika, tutakuwa tumewaongezea wenye nacho. Sheria ya mwaka 1963 iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika ilikusudia huduma kwa wananchi, si kwa mtaa mmoja. Basi sanduku moja la vitabu na sanduku moja la vifaa vipelekwe kwa zamu katika kumbi za matawi, katika shule zilizofungwa siku ya Jumamosi na katika majengo ya vyama vya ushirika. Ukumbi wa mkutano hukaa mtupu siku nyingi za mwezi; watoto hawataumaliza kwa kuukalia asubuhi moja.

Wakati huu ni mwema. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, vimerudisha mafunzo ya amali katika shule zetu. Taifa limekiri tena kwamba kijana asiyejua kutenda ameelimika nusu. Lakini amali ya sekondari haiwezi kusimama juu ya vidole ambavyo tangu utotoni havikuzoea kushika kitu ila kalamu ya mtihani. Msingi wake huwekwa mapema, kwa furaha, bila hofu ya alama.

Basi twatoa shauri letu kwa ufupi. Kila maktaba ianze na Jumamosi moja kwa mwezi, wala isingojee bajeti kubwa. Kila tawi la chama na la wafanyakazi litafute fundi mmoja na mzigo mmoja wa mabaki safi. Halmashauri zitenge fungu dogo la ujira wa mafundi, liandikwe katika hesabu kama fungu la kawaida na si la sherehe. Wazazi nao wawalete watoto, na wakiweza wakae wasuke pamoja nao. Na sisi wakubwa sote, tukisimama nyuma ya mtoto anayechora tembo wake, tuizuie mikono yetu isichukue brashi.